Nyumba ya Masomo Juu ya Mwinuko

Hotuba iliyosomwa mbele ya wakristu siku ya Jubilei ya parokia yetu





Komite ya Jubilei imetuomba tuseme maneno machache juu ya kazi tuliyoifanya katika inchi ya Msumbiji tangu mwaka 2019 mpaka mwisho wa mwaka 2022. Tunawashukuru kwa heshima hiyo. Sisi masista watatu tunaosimama mbele yenu ni watoto wa parokia hii. Tulibatizwa katika kanisa hili, na tulijifunza kusoma katika kalasi zile mnazoziona nyuma yake. Siku ya Jubilei desturi yetu ni kuwakumbuka wale waliotoka mbali wakaja kutufundisha. Hiyo ni haki na shukrani. Lakini parokia iliyopokea walimu miaka mingi imefika sasa kuwa parokia yenye kutuma walimu, na hilo nalo ni tunda la Jubilei.

Hatutasimulia mambo ya safari. Tutasema juu ya neno moja tu, nalo ni hili: watu waliopigwa na garika wanahitaji nyumba ya masomo kwa sababu gani, na wanaihitaji ijengwe wapi? Neno hilo si la Msumbiji peke yake, kama mtakavyosikia mwishoni.

I. INCHI NA GARIKA YAKE

Msumbiji ni inchi ndefu kando ya Bahari ya Hindi. Tena ni inchi inayopokea maji ya wengine. Mito yake mikubwa 9 inashirikiwa na inchi za jirani, na karibu yote hutelemka kutoka kwao kabla ya kuingia baharini. Mvua ikinyesha sana katika milima ya Zimbabwe, mtu wa Msumbiji mwenye jua juu ya kichwa chake anaweza kuona mto wake unajaa bila yeye kupata tone moja la mvua.

Mji wa Beira, wenye watu zaidi ya 500,000, umejengwa pahali pa chini sana, karibu na midomo ya mito miwili, Pungwe na Búzi. Sehemu nyingine za mji ziko chini ya kimo cha bahari inapojaa. Usiku wa tarehe 14 kuamkia tarehe 15 mwezi wa tatu 2019, tufani inayoitwa Idai iliingia hapo kutoka baharini, na upepo wake ulipita kilomita 160 kwa saa moja. Iling'oa mabati, ikaangusha nguzo za umeme na za simu, hata mji ukakatwa na inchi nyingine. Barabara kubwa inayokwenda Zimbabwe ilikatwa na maji.

Watu wengi walifikiri kwamba upepo ukipita, hatari nayo imepita. Kumbe sivyo. Mvua ile ilinyesha pia juu ya milima ya ndani, na maji yake yalihitaji siku kadhaa kufika bondeni. Hivi mito Búzi na Pungwe ilizidi kupanda baada ya upepo kutulia, ikafunika vijiji na mashamba mpaka tambarare yote ikawa kama bahari ya pili. Watu walikaa juu ya mapaa na juu ya miti wakingoja mitumbwi na ndege za helikopta. Katika Msumbiji peke yake walikufa watu zaidi ya 600. Watu zaidi ya 1,800,000 walihitaji msaada. Mahindi yaliyokuwa karibu kuvunwa yalioza ndani ya maji. Kalasi zaidi ya 3,000 ziliharibika, na mwaka wa masomo ulikuwa umeanza karibuni tu. Kisha ikaja kolera, na kuanzia mwezi wa ine watu zaidi ya 800,000 walipewa chanjo kusudi ugonjwa usienee.

Sisi tulikuwa tumekwisha kutumwa kabla ya hayo, na tulikuwa katika kujifunza Kireno. Garika haikugeuza wito wetu. Iligeuza tu pahali pa kazi. Badala ya mji tulipelekwa upande wa Búzi, katika kijiji kipya kilichopangwa juu ya mwinuko kwa watu waliotoka bondeni. Tulifika mwezi wa saba 2019.

II. KALASI CHINI YA SHITINGI

Hatukukuta nyumba ya masomo. Tulikuta nguzo za miti zilizofunikwa kwa shitingi, ubao mmoja mweusi uliookolewa katika matope, na watoto wengi kuliko tulivyotazamia. Walikaa chini, juu ya mikeka na vipande vya mbao. Walimu wa pale pale, waliopoteza nyumba zao sawa na wazazi wa watoto, walikuwa wamekwisha kuanza kazi bila kungoja mtu. Ndugu wapenzi, tunataka mlisikie jambo hilo vizuri, kusudi msifikiri kwamba sisi tulikwenda kufungua masomo. Masomo yalikuwa yamefunguliwa na wenyeji. Sisi tulikwenda kuongeza mikono. Wazee wetu wana mezali yao: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi tulipewa jembe siku ya kwanza, na tulifurahi.

Shida ya kwanza ilikuwa luga. Katika Msumbiji luga ya serikali na ya masomo ni Kireno, lakini watu wa Búzi husema Kindau nyumbani. Mtoto aliyeona maji yakichukua nyumba yao hawezi kusimulia jambo hilo katika luga anayoijua nusu. Kwa sababu hiyo, katika kalasi za chini tulifundisha wawili wawili: mmoja wetu pamoja na mwalimu mwenyeji, yeye kwa Kindau, sisi kwa Kireno. Na sisi tulijifunza Kindau kutoka kwa watoto. Walicheka sana walipotusikia tukikosea, na kicheko hicho kilikuwa dawa kwao kuliko maneno mengi ya faraja. Maneno mengine hatukuhitaji kufundishwa. Neno “mwana”, kwa mfano, ni lile lile kwao na kwetu, halihitaji mkalimani.

Shida ya pili ilikuwa hofu. Upepo kidogo ukitikisa shitingi, kalasi nzima ilisimama, wengine wakakimbia nje. Kuwakemea hakukufaa kitu. Mwalimu mmoja mzee wa pale alituonyesha njia nyingine: kuifanya mvua yenyewe iwe somo. Tulikata chupa ya plastiki, tukaandika mistari ubavuni mwake, tukaiweka nje. Kila asubuhi mtoto mmoja alisoma kimo cha mvua ya usiku na kukiandika ubaoni. Hapo wakajifunza hesabu, na zaidi ya hesabu wakajifunza kwamba mvua inapimika. Kitu kinachopimika bado ni cha kuogopwa, lakini si mzimu tena.

Vilevile tuliwafundisha alama ambazo serikali yao imeweka kwa ajili ya tufani. Bendera ya buluu maana yake: tufani inaweza kufika katika siku moja ama mbili. Bendera ya manjano: inaweza kufika kabla ya masaa 24 kwisha. Bendera nyekundu: masaa 6 ama pungufu, kila mtu awe tayari katika kimbilio. Watoto walishona bendera ndogo kwa vitambaa vibovu, wakazibeba nyumbani na kuwafundisha wazazi wao. Tena tuliwaeleza habari ile ya maji ya milimani: upepo ukiisha, usitelemke bondeni, maana maji ya mbali bado yako njiani.

Shida ya tatu ilikuwa swali. Katika somo la dini mtoto mmoja aliuliza: Je, Mungu alituazibu? Swali hilo hilo watu wazima walituuliza jioni kwa sauti ya chini. Ndugu zetu mapadri wanajua uzito wake. Sisi tulijibu kwa unyofu. Tuliwakumbusha kwamba katika habari ya Nuhu mwisho wa maneno si maji bali ni agano. Tuliwaambia kwamba mkristu hawezi kumfanya Baba wa mbinguni awe mwuaji wa watoto wachanga wa Búzi. Maji yana njia zake, na njia hizo tunaweza kuzijua: milima, miti iliyokatwa, bahari yenye joto, mji uliojengwa chini. Mungu ametupa akili ya kuzijua njia hizo na mikono ya kumvuta mwenzetu atoke majini. Mtu akiuliza Mungu alikuwa wapi usiku ule, aulize pia ni nani aliyemtia nguvu mvuvi aliyerudi mara nyingi na mtumbwi wake kuwaokoa watu asiowajua. Marehemu Papa Fransisko alipofika Msumbiji mwezi wa tisa 2019, hakuweza kufika Beira, lakini katika hotuba yake ya kwanza mjini Maputo aliwakumbuka kwanza watu waliopigwa na tufani Idai na ile ya Kenneth iliyofuata kaskazini. Watu wetu walifurahi kusikia kwamba hawakusahauliwa.

III. SHAMBA CHINI, MASOMO JUU

Sasa tunafika kwenye kiini cha hotuba yetu.

Serikali iliwapa watu viwanja juu ya mwinuko, kusudi garika isiwakute tena. Jambo hilo ni la busara. Lakini shamba lilibaki chini. Tope ambalo mto unaliacha kila mwaka ndilo linalozaa mahindi na mchele. Udongo wa juu ni mkavu, hauna nguvu hiyo. Wazee walitueleza jambo lao kwa ufupi: maji hukaa majuma machache, lakini njaa hukaa mwaka mzima. Nani angewajibu kwamba wanasema uongo?

Tena walikuwa na kumbukumbu. Mwaka 2000 garika kubwa ilipiga Msumbiji na kuua watu wapatao 700. Wakati ule pia watu walihamishwa kwenye miinuko, na hata Guara-Guara, pahali palipopokea watu wa Búzi mwaka 2019, palikwisha kujulikana kama kimbilio tangu wakati huo. Lakini miaka ilipopita wengi walirudi bondeni kidogo kidogo, kwa sababu tumbo halijui mwinuko. Hivi garika ya 2019 iliwakuta watoto wa wale waliookolewa mwaka 2000 pale pale walipookolewa wazazi wao.

Ilipofika miezi ya kulima na kupanda, mwisho wa mwaka 2019, tuliona jambo hilo kwa macho yetu. Familia zilishuka bondeni, na watoto walishuka pamoja nazo. Siku nyingine nusu ya kalasi ilikuwa tupu. Mashauri yalikuwa mawili. Wengine, hasa wageni, walisema: wazazi wakatazwe kushuka, na asiyetii asipewe msaada. Wengine, hasa akina baba wa kijiji, walisema: basi masomo yashuke, tujenge kalasi karibu na mashamba, watoto wasome na wazazi walime.

Mashauri yote mawili yalikuwa na haki ndani yake, na yote mawili yalikuwa na kifo ndani yake. Kuwakatazia watu shamba ni kuwatia katika njaa, na kuwafanya wawe waombaji siku zote. Kushusha masomo ni kuwaita watoto wakae katika njia ya maji. Maana nyumba ya masomo si kalasi tu: pahali inapojengwa, kijiji hujengwa. Duka hufuata, kisima hufuata, kanisa hufuata. Masomo yakikaa bondeni, watu nao watakaa bondeni.

Komite ya wazazi ilikusanyika chini ya mwembe, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jibu halikutoka kwetu, wala kwa mkurugenzi wa masomo, wala kwa wale waliokuja na magari. Lilitoka kwa nyanya za kijiji, wanawake ambao wengi wao hawakusoma hata darasa moja, maana katika vita vya miaka 16, ambavyo viliisha kwa mapatano ya Roma tarehe 4 mwezi wa kumi 1992, masomo mengi ya inchi yalifungwa ama kuharibiwa. Wao walisema hivi: wenye nguvu washuke, wazee na watoto wabaki juu. Sisi tutawalinda. Kila familia inayoshuka iache kipimo cha unga, na ikirudi mwisho wa juma ilete samaki ama mboga. Watoto wasome, wale pamoja, walale pamoja.

Ndivyo ilivyofanyika. Nyumba mbili za miti zilisimamishwa karibu na kalasi, moja ya wavulana, moja ya wasichana, na nyanya walilala humo kwa zamu. Sisi tuliweka hesabu ya unga, tulifundisha watoto kulima bustani ndogo ya mboga, na jioni tulisoma nao kwa taa. Wazazi walishuka siku ya kwanza ya juma wakarudi Jumamosi, na Dominika tulikutana wote kwa sala. Kazi ya bondeni ilipozidi, walikawia. Lakini walirudi, maana watoto wao walikuwa juu.

Ndugu wapenzi, hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Watoto wadogo walilia usiku wakimtaka mama. Mara nyingine unga ulikosekana, na nyanya waligawa uji mwepesi. Familia moja haikukubali mpango huu. Ilishuka na binti yake, mtoto mwenye akili sana, na mpaka siku tulipoondoka hakurudi masomoni. Jina lake tunalitaja katika sala zetu. Lakini wengi walibaki, na nyumba ya masomo ikawa kama msumari uliopigwa juu ya mwinuko: kamba ya kijiji ilifungwa hapo, na hata watu walipoteremka mbali, kamba iliwavuta kurudi.

IV. KITABU CHA MAJINA

Tarehe 23 mwezi wa tatu 2020 masomo yote ya Msumbiji yalifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Tulihuzunika, tukafikiri kwamba kazi yote imevunjika. Watoto wengi walishuka kwa wazazi wao, na kufungwa huko kuliendelea kwa muda mrefu kwa kalasi za chini. Lakini nyanya hawakuvunja nyumba zao, na sisi tulizidi kuandika kila juma katika kitabu cha majina: mtoto fulani yuko wapi, pamoja na nani, katika shamba lipi.

Mwisho wa mwezi wa kumi na mbili 2020 tufani ndogo, Chalane, ilipita na kulowesha udongo. Kisha tukasikia kwamba nyingine inakuja, yenye nguvu zaidi, inayoitwa Eloise. Ilifika karibu na Beira tarehe 23 mwezi wa kwanza 2021. Kabla yake bendera zilipandishwa: buluu, kisha manjano. Watoto walizijua, na hakuna aliyewauliza watu wazima maana yake. Wazee wa komite waliagiza kengele ya masomo ipigwe. Kengele ile ilikuwa kipande cha chuma cha gari kilichotundikwa mtini. Ilikuwa imenyamaza miezi kumi. Watu walipoisikia wakati masomo yamefungwa, walielewa mara moja.

Wakapanda, familia kwa familia, na mbuzi zao na vyungu vyao. Nasi tukafanya jambo ambalo kila mwalimu hulifanya asubuhi bila kulifikiri: tulifungua kitabu, tukaita majina. Kila jina lililoitika lilikuwa na mama yake, baba yake na wadogo zake nyuma yake. Majina mawili hayakuitika. Kwa sababu kitabu kilisema wako katika shamba lipi, vijana walijua pa kwenda. Waliwakuta njiani pamoja na babu yao mwenye miguu zaifu, wakambeba. Bendera nyekundu ilipopandishwa, majina yote yalikuwa yameitika.

Usiku ule upepo ulichukua shitingi zetu zote. Búzi ilijaa tena, na mashamba yaliharibika tena. Asubuhi tulikuwa hatuna kalasi hata moja. Lakini watoto walikuwako, na kitabu cha majina kilikuwa kikavu, maana nyanya mmoja alilala juu yake. Wakati ule ndipo tulipoelewa kwa nini watu waliopoteza vyote walishika masomo kwa nguvu namna ile. Kalasi ni pahali ambapo mtu mwingine, asiye wa ukoo wako, anajua jina lako na anauliza juu yako usipofika.

V. YATUPASAYO SISI NYUMBANI

Kwa nini tumewachosha na habari za mbali siku ya furaha? Kwa sababu maji hayana pasiporti. Tulipokuwa Msumbiji, tulisikia kwamba usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa ine 2020 mto Mulongwe ulifurika katika mji wa Uvira, ukaua makumi ya watu na kubomoa nyumba nyingi. Tuliporudi nyumbani, haukupita muda, tarehe 4 mwezi wa tano 2023, siku ya Alhamisi, siku ya soko kule Nyamukubi, mvua ikateremsha matope na mawe juu ya Nyamukubi na Bushushu katika Kalehe. Watu zaidi ya 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Wale walikuwa jirani zetu, wengine jamaa zetu. Baba na mama wengi walio hapa walivaa nguo za kilio.

Msiba wa Kalehe si sawa kabisa na ule wa Búzi. Kule maji hupanda kwa siku nyingi, na bendera inaweza kuyatangulia. Kwetu kijito hutelemka mlimani kwa saa moja, na hakina huruma ya kungoja. Lakini neno la msingi ni lile lile. Kule shamba linawavuta watu kando ya mto. Kwetu soko, barabara na ziwa vinawavuta watu kwenye midomo ya vijito, na milima iliyo juu yao imekwisha kunyolewa miti. Nasi hatuwezi kuwaambia watu waache soko na ziwa, maana humo ndimo wanamopata chakula. Tunaweza kuuliza: watoto wao wasome wapi, walale wapi, na nani anajua majina yao?

Kwa unyenyekevu tunaomba mambo matatu kwa parokia hii mama yetu.

La kwanza: kabla ya kujenga kalasi mpya za Jubilei, komite iwaite wazee, wanawake kwa wanaume, iwaulize maji yalipita wapi katika miaka ya zamani. Hakuna karatasi inayoyajua hayo kuliko wao. Kiwanja kilicho karibu na barabara ni rahisi kwa mchanga na mawe ya kujengea. Lakini rahisi ya leo inaweza kuwa kilio cha kesho. Tunajua kwamba kiwanja kinachofikiriwa sasa kiko karibu na kijito. Tunaomba jambo hilo lisemwe wazi, kwa amani, kabla jiwe la kwanza halijawekwa.

La pili: kila shirika liwe na kitabu cha majina. Si cha matoleo tu, bali cha watoto, wazee na wagonjwa wa mtaa, na nyumba wanamolala. Liwe na alama yake ya kuwaita watu usiku, ngoma ama kengele, ambayo hata mtoto wa miaka mitano anaijua. Walimu wetu waifundishe kalasini, sawa na wanavyofundisha hesabu.

La tatu: wazazi wengi wetu huenda mbali kwa soko ama kwa uvuvi, na watoto hubaki peke yao ama huacha masomo. Tunazo nyanya katika parokia hii. Wanazo nguvu za kulea, na wengi wao wanaketi peke yao siku nzima. Wakiungwa mkono kwa unga kidogo na paa moja imara, wanaweza kufanya kwetu walichokifanya wenzao wa Búzi. Gari halihitajiki, wala mgeni.

Ndugu wapenzi, wazee wetu waliojenga kanisa hili walipanda na mawe vichwani mpaka hapa juu, ingawa maji na barabara vilikuwa chini. Tulipokuwa watoto tulilalamika juu ya mlima huu kila asubuhi. Leo tunawashukuru. Tuwafanyie watoto wetu hivyo hivyo, hata kama watalalamika njiani.

 Mungu aibariki parokia yetu na kazi yote iliyo mbele yake.